Mafundi wa rangi, acheni kuuza anodaizi kwa kila kipande cha alumini cha injini

Wakuu, hili sasa limezidi. Mtu analeta tapeti kava (kifuniko cha valvu za injini) ya kumimina, yaani alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, anaonyeshwa picha ya puli jekundu linalong'aa, analipishwa bei ya anodaizi (tabaka la oksaidi linalooteshwa juu ya alumini kwa umeme ndani ya asidi, kisha kutiwa rangi), kisha anarudishiwa kava la kijivu lenye mabaka. Akiuliza anajibiwa "alumini yako mbovu". Si mbovu! Aloi za kumimina (alumini iliyochanganywa na vitu vingine) kama ADC12 zina silikoni karibu asilimia 10 hadi 12, na silikoni haigeuki oksaidi. Inabaki ndani ya tabaka kama masizi, rangi inashika huku na kukataa kule. Kava hilo ni la pauda koti (rangi ya unga inayookwa), na hilo lilitakiwa kusemwa kabla ya kupokea hela.

Anodaizi ya rangi ni ya aloi ya 6061 au 6063 iliyochongwa. Hata hapo watu wanapunjwa unene. Maikroni 5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) zinapendeza dukani, juani zinapauka upesi. Dai 15 hadi 25. Nyekundu na zambarau ndizo hufifia mapema, nyeusi ya madini ya bati inayowekwa kwa umeme inavumilia. Halafu kuziba vinyweleo vya tabaka: maji ya nyuzi 96 hadi 100, dakika 2 hadi 3 kwa kila maikroni. Maikroni 20 ni karibu saa nzima, lakini wengine wanachovya dakika kumi na kuita tayari. Chora kwa maka peni sehemu iliyofichika, ufute kwa spiriti. Wino ukigoma kutoka, hakijazibwa. Kirudishe hapo hapo.

Na treadi (mizunguko ya skrubu) jamani! Nusu ya tabaka inaota kwenda nje. Kwa maikroni 25, kipenyo cha kati cha treadi hubadilika kama maikroni 50 kwa kuwa kuta zake zilizoinama hunenepa pande zote, ndiyo maana bolti inakataa kuingia na mteja anaambiwa apitishe tapu (kifaa cha kukata treadi), anakwangua alichokilipia. Matundu yazibwe kwa plagi kabla. Beringi na bushi za chuma zitolewe, asidi ya salfa inazila.

Pauda koti nayo ina uzembe wake. Kipande cha kumimina kina hewa na mafuta kwenye matundu yake. Kisipookwa kitupu kwanza, kwa joto la juu kidogo kuliko la kukausha pauda, rangi inatoka na vishimo kama vya sindano. Uso wa gasketi na mahali pa kukalia vichwa vya bolti pabaki patupu, maana pauda ya maikroni 80 inabonyea na torki (nguvu ya kukaza bolti) inapotea. Mapezi ya silinda ya pikipiki inayopozwa na hewa msiyavishe pauda nene, inaweza kupunguza joto linalotoka.

Wateja, msiondoke bila risiti iliyoandikwa aina ya aloi, unene kwa maikroni, muda wa kuziba na sehemu zilizokingwa. Fundi akikataa kuandika, chukua kipande chako uondoke.