Albumini 29 kwa rangi ya kijani, 24 kwa ya zambarau: tuamini ipi?

Kuveti
Wakuu, naomba msaada. Mgonjwa amevimba uso na miguu. Seramu (majimaji ya damu iliyoganda) ileile, rangi ya bromokresoli ya kijani imetoa albumini, protini kuu ya damu, 29 g/L, ya zambarau 24. Kontroli zote (sampuli za kukagua kipimo) zimepita. Kosa liko wapi? Na tutajuaje kama ni ini au figo?

Pipeti10
Mkuu, hiyo ni tabia ya rangi yenyewe. Kijani hushika albumini ndani ya sekunde chache, kisha polepole huanza kushika na globulini za alfa, protini nyingine za damu. Figo zikivuja, albumini inapotelea kwenye mkojo, lakini alfa-2 makroglobulini, mojawapo ya globulini hizo, ni kubwa mno, haipiti kwenye chujio, nayo inapanda damuni. Basi albumini ikishuka sana, kijani huizidisha. Standadi, sampuli ya kusawazishia kipimo, ni albumini tupu, haiwezi kukuonyesha kasoro hii.

Angalia muda pia. Ukitia maikrolita 10 za seramu kwenye mililita 1 ya kitendanishi katika mirija 20, ndipo uanze kusoma kwenye nanomita 630, ile iliyosubiri muda mrefu itakuwa imeshakolea rangi. Tia na usome kwa zamu, kila mrija upewe muda uleule ulioandikwa kwenye karatasi ya maelekezo ya kitendanishi.

Hapa ningeshika 24, ila kama yuko kwenye dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine) subiri kwanza: taka zinazobaki damuni huizuia zambarau kushika, ikasoma chini.

MshipaSafi
Turniketi (mkanda wa kufunga mkono wakati wa kutoa damu) isizidi dakika moja. Ikikaa, maji hutoka mshipani, protini zinabaki zimekolea, na albumini inapanda bure.

WodiNne
Albumini peke yake haitenganishi ini na figo. Chukua mkojo wa asubuhi, pima albumini kwa kila gramu ya kreatinini (taka ya misuli): ikizidi mg 30 kwa gramu, figo zinatiliwa shaka, nefrotiki (figo kuvuja protini nyingi) huvuka 2,200. Mkojo ukiwa safi, geukia vipimo vya ini: INR (kasi ya damu kuganda) na bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo). Msisahau CRP, kipimo cha uvimbe wa ndani, maana maambukizi makali nayo hushusha albumini. Na nusu ya albumini huchukua siku 20 hivi kuondoka damuni, kwa hiyo ini lililoharibika juzi bado linaweza kukupa 40 g/L, yaani ya kawaida.

Kuveti
Asanteni sana. Hayuko kwenye dayalisisi. Stripu ya mkojo inaonyesha protini +++ (nyingi), INR 1.0 (ya kawaida), kwa hiyo shaka inaelekea figo kuliko ini. Tunatoa 24, na jina la rangi tunaliandika kwenye fomu ili kipimo kijacho kitumie hiyohiyo.