Shira ya baridi, manda za moto

Rehema: Shikamooni wakubwa wote. Leo natengeneza galaktoboureko, ile ya Ugiriki yenye krimu katikati ya manda. Maziwa lita 1 yako jikoni yanapata moto. Shangazi, suji kiasi gani?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Suji laini gramu 120, sukari gramu 150. Manda umezitoa kwenye friza?

Rehema: Tangu jana usiku, zimelala kwenye friji. Sasa ziko mezani, paketi sijaifungua.

Shangazi Mwanaidi: Iache hivyohivyo mpaka krimu iive. Manda za filo ni nyembamba mno, zikipigwa na hewa dakika chache zinakauka na kuvunjikavunjika. Ukizifungua, zifunike kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri.

Kaka Salim: Mayai yanaingia saa ngapi?

Shangazi Mwanaidi: Mwishoni. Rehema, piga mayai 4 pembeni na nusu ya ile sukari. Suji ikianza kuwa nzito, epua, chota upawa mmoja wa uji wa moto uumimine kidogokidogo kwenye mayai huku unakoroga. Ndipo urudishe yote sufuriani. Ukitia mayai moja kwa moja kwenye moto mkali yanaganda mabonge.

Mama Mdogo Asha: Na usikimbilie kuepua. Krimu nyepesi ndiyo inayolowesha manda za chini, halafu watu wanailaumu shira. Koroga mpaka mwiko uache njia chini ya sufuria.

Rehema: Imeshafika hapo Mama Mdogo. Nimetia vanila na maganda ya limau, harufu imejaa nyumba nzima. Naweza kupaka siagi ya kawaida?

Mama Mdogo Asha: Inafaa, mimi naitumia.

Shangazi Mwanaidi: Asha mdogo wangu, hapo sikubaliani nawe. Siagi ina maji ndani yake, na ule weupe wa maziwa unaungua haraka. Iyeyushe, engua povu, mimina samli ile safi, masimbi yabaki chini. Manda zitachambuka zenyewe.

Mama Mdogo Asha: Haya dada, kwa samli nakuachia 😄

Rehema: Nimepanga nusu ya manda chini, kila moja nimeipaka. Krimu imeingia, kingo nimezikunjia ndani, zilizobaki nimeziweka juu.

Shangazi Mwanaidi: Sasa chora mistari ya vipande kwa kisu kikali, manda za juu tu, usiifikie krimu. Ukingoja ziokwe kwanza zitapasuka ovyo. Nyunyizia matone ya maji zisijikunje, kisha oveni nyuzi 180. Dakika 45 hadi saa nzima, angalia rangi kuliko saa.

Kaka Salim: Shira je?

Rehema: Niliichemsha mapema kabisa. Sukari gramu 400, maji mililita 250, na maji ya limau kidogo. Imeshapoa.

Shangazi Mwanaidi: Hongera! Limau litaizuia sukari isirudi kuwa chenga. Trei ikitoka tu, mwagia shira hiyo ya baridi upawa kwa upawa, ukifuata mistari. Kimoja cha moto, kingine cha baridi: manda zinainywa na bado zinabaki kavu juu. Vyote vikiwa vya moto zinalegea.

Rehema: Imetoka! Nimemwagia, inalia chwaaa! 😍 Niifunike?

Mama Mdogo Asha: Hapana! Mvuke utarudi juu na kuilainisha. Iache wazi.

Kaka Salim: Basi nakuja sasa hivi.

Shangazi Mwanaidi: Njoo baada ya muda wa saa tatu, Salim. Krimu ikikatwa ikiwa moto inamwagika. Na Rehema, kipande cha pembeni mwekee Bibi, anapenda palipokauka zaidi.

Bibi: Viwili.