Mjadala: Asilimia ya huduma ya maji vijijini inapima maji au inapima vituo?

Mtakwimu wa Kati
Ndugu zangu, kila msimu wa bajeti tunatangaziwa asilimia ya wananchi wa vijijini wanaopata maji, na asilimia hiyo ndiyo tunayojinadi nayo kwamba Tanzania inalikaribia Lengo la 6 la Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, lile la maji safi kwa wote ifikapo 2030. Msingi wake kwa muda mrefu umekuwa Sera ya Maji ya 2002: kituo cha kuchotea maji kisizidi mita 400 kutoka kwenye kaya, kihudumie watu 250, na kila mtu apate lita 25 kwa siku. Yaani sisi tunahesabu vituo. WHO na UNICEF, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya watoto, wao hutegemea zaidi majibu ya kaya katika tafiti na sensa, ndiyo maana takwimu za pande hizi mbili haziwiani. Naona hesabu ya vituo inatuonyesha kilichojengwa tu. Ni kweli pia kwamba wananchi wengi hawapendi kuchangia matengenezo, lakini hilo ni la pembeni. Swali langu ni hili: tupime nini?

Mama Tunu
Kaka Mtakwimu, unaloliita la pembeni ndilo limenichoma. Kijijini kwetu tulilipa shilingi 50 kwa kila ndoo, na anayelipa ni mwanamke, kwa hela ya karanga na mboga. Mashine ya dizeli ilipoungua, tuliambiwa tuchange upya, wala hakuna aliyetusomea mapato ya ndoo zote zile. Kilula, yaani kituo chetu cha kuchotea maji, bado kipo, zege lake zima, koki imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na bila shaka kimo katika asilimia yenu. Usituambie hatuchangii.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, pole sana, ila historia tusiifiche. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji karibu na makazi yake, tena bila malipo. Mwaka 1991 ulifika na lengo halikutimia, na kizazi changu kilikuwa kimekwisha kuzoea kwamba maji ni ya Serikali. Nimekaa kwenye vikao vya kijiji ambamo watu walikuwa radhi kuchangia harusi kuliko bomba.

Mkazi wa Meru
Naomba nirudi kwenye swali. Huku kwetu maji yanatoka mwaka mzima, lakini yana madini ya floridi, na watoto wetu wanaota meno ya kahawia. WHO inashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, ilhali nchi yetu kwa muda mrefu iliruhusu hadi 4. Kwa hiyo kisima kile kile, chenye maji yale yale, kilihesabiwa kuwa salama kwa kipimo kimoja na kuwa hatari kwa kingine. Kama hatujakubaliana maji salama ni yapi, hiyo asilimia inatuambia nini?

Fundi Pampu
Mzee wangu Mwalimu, shikamoo. Kwa heshima zote, hilo la harusi umewaonea watu. Nimefungua pampu nyingi, na mara nyingi kilichoharibika ni kipuri ambacho duka la wilayani halina, kwa sababu kila mfadhili alikuja na aina yake ya pampu. Kamati ya maji ya kijiji inaweza kuwa na fedha mkononi na bado ikakosa cha kununua.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba, kijana wangu. Nimezungumzia vikao nilivyohudhuria mwenyewe, na sikumtukana mtu. Hivyo vipuri visivyopatikana havifuti ukweli kwamba kamati nyingi hazikuwa na hata senti ya kuvinunulia.

Mama Tunu
Hazikuwa na senti kwa sababu senti zilikwenda wapi, baba? Hapo ndipo panapohitaji kipimo!

Mtakwimu wa Kati
Dada yangu, sikusema kwamba ninyi hamkuchangia, nilisema wengi, na nasimama hapo. Hata hivyo hoja yako inaingia kwenye swali langu. Kwa vigezo vya kimataifa, chanzo kilichoboreshwa, yaani kilichojengwa ili kukingwa na uchafu, huhesabiwa kuwa huduma ya msingi iwapo kwenda, kupanga foleni na kurudi havizidi dakika 30. Mdodosaji akipita mwezi wa nne, mvua ikiwa imejaza kila kisima, atajibiwa dakika 15. Akirudi mwezi wa kumi, foleni itakuwa ya madumu tangu alfajiri. Napendekeza kaya zile zile ziulizwe misimu yote miwili, na kituo kisichotoa maji siku ya ukaguzi kiondolewe kwenye hesabu.

Mama Tunu
Nakubali yote mawili. Ongeza na la tatu: kituo chochote ambacho mapato na matumizi yake hayakubandikwa ukutani pa ofisi ya kijiji katika miezi mitatu iliyopita kihesabiwe kuwa kiko njiani kufa, hata kama leo kinatoa maji. Na wewe Mwalimu, katika vikao vyote hivyo ulivyokaa, ni mara ngapi mwenyekiti alisoma daftari la fedha za maji mbele ya waliolipa?