wxMaxima imetushinda, na si kwa sababu ya hesabu

Jana Katuba, hapa Lubumbashi, umeme ulirudi saa tatu usiku. Mdogo wangu, mwaka wa kwanza uhandisi, alikuwa na mazoezi ya integrali ya kukabidhi asubuhi. Nikamwekea wxMaxima, programu ya kompyuta ya kufanya hesabu, nikijivuna kabisa: ya bure, haidai leseni, ukishaiweka haili mega.

Akaandika, akabonyeza Entrée. Kimya, mstari mpya tu. Akabonyeza tena na tena mpaka nikakumbuka kwamba ni Maj (Shift) na Entrée pamoja. Haya. Ikajibu kwa Kiingereza kwamba x si opereta ya katikati. “Yaya, opereta ya katikati ni kitu gani?” Kumbe kaandika 2x, yenyewe inataka 2*x! Programu inayomeza integrali ambazo asistanti wetu wa chuo anazikwepa inashindwa kusema “weka nyota kati ya 2 na x”?

Akajaribu log(100) akitegemea 2, kama log ya msingi wa 10 ya shuleni. Ikamrudishia log(100) vilevile. Kwake log ndiyo ile tunayoiita ln, logarithimu ya asili, ila kwenye kioo hakuna palipomwambia hivyo.

Halafu integrali ya x^n. Ikauliza: n ni sawa na -1? Swali la haki, maana kwa -1 jibu linageuka logarithimu. Mtoto akaandika “non”. Ikauliza tena. “Hapana”. Ikauliza tena. Inataka “no”, jamani, herufi moja pungufu! Vitufe viwili vya kubonyeza vingegharimu nini?

Najua historia yake, msinifundishe. Injini yake, Maxima, imetoka kwa Macsyma, programu ya chuo cha MIT cha Marekani, iliyoanza miaka ya 1960, na William Schelter ndiye aliyepata ruhusa ya kuitoa kwa leseni huria ya GPL mwaka 1998. Waliojenga injini hiyo nawavulia kofia. Hasira yangu ni kwa mlango, yaani jinsi inavyoongea na mtumiaji.

Na asije mtu hapa na “soma mwongozo”. Mwongozo tunao. Asiyejua kwamba kosa lake ni nyota atatafuta neno gani humo? (Watu wa Xcas, ile programu nyingine ya hesabu, najua mko njiani na Kifaransa chenu cha Grenoble. Fungueni uzi wenu.)

Mazoezi kayamaliza kwa bic, saa sita usiku. Kwenye kioo bado ilikuwa inauliza habari za n.