Naomba ushauri: kipimo gani cha utumbo mwembamba kabla ya upasuaji?

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, hasa madaktari na waliowahi kuuguza hali hii.

Mama mkubwa, miaka 61, anapata choo cheusi kama lami na kiwango chake cha damu (hemoglobini) kinashuka kila mara. Juzi kilisoma 6.8, akaongezewa chupa mbili za damu. Kamera ya mdomoni haikuona kidonda, ya njia ya haja kubwa nayo safi. Ultrasound ndiyo kabisa, eti gesi nyingi. CT scan ilifanyika bila kunyweshwa maji mengi ya kutanua utumbo, majibu hayana la maana. Daktari wa upasuaji anahisi uvimbe kwenye utumbo mwembamba, anataka afungue tumbo atafute.

Tumesikia kuhusu kidonge chenye kamera. Ila akila tu tumbo linajaa na kumsokota, naogopa kisije kikanasa penye njia iliyobana.

Je, tuombe CT irudiwe kwanza, safari hii anyweshwe maji na kuchomwa dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, ndipo tufikirie kidonge? Na kwa kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) ya 128, dawa hiyo ni salama kwa figo zake au bora MRI (kipimo cha picha kwa sumaku)?