MREJESHO: Mtoto aliyezungukwa na kitovu shingoni

Ndugu zangu, niliuliza hapa kama kitovu kilichoonekana shingoni mwa mtoto kwenye ultrasaundi kinanilazimu kupasuliwa. Asanteni sana mlionijibu, hasa dada uliyesisitiza nifuatilie mtoto anavyocheza tumboni na niwahi hospitali uchungu ukianza. Nilifanya yote mawili. Mwanzoni mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa ndani ya kiwango cha kawaida, 110 hadi 160 kwa dakika, kisha yakawa yanashuka kila uchungu ukibana. Kulalia ubavu kulisaidia kwa muda tu. Yaliposhuka tena na kukawia kupanda, nikapelekwa upasuaji. Alilia papo hapo, jamani! Wengi huzaa kawaida, mkunga akakipitisha kitovu juu ya kichwa, kwangu haikuwezekana. Binti ananyonya vizuri, kidonda kinapona.