Dari inavuja: nani agharamie matengenezo?

Swali: Ndugu wanajamvi, dari ya bafu langu imeota doa la kahawia, na plasta hudondoka kila jirani wa juu anapooga. Je, gharama ni zangu, zake au za chama cha wamiliki?

Jibu: Inategemea chanzo. Bomba linalohudumia nyumba yake pekee kwa kawaida ni lake. Bomba kuu, paa na kuta za nje ni mali ya pamoja na hulipiwa kwa michango ya wote, isipokuwa hati zenu zieleze vinginevyo.

Jibu: Jengo likiwa jipya, mwandikie mjenzi barua yenye picha kabla muda wa dhamana haujaisha, simu tu haitoshi.

Muulizaji: Nashukuru. Fundi amekuta kiungo cha bomba la jirani kimelegea. Jirani atalipa, japo amenuna.